Mama Mkwe, Toleo la Pili

Programu yangu inaitwa Mama Mkwe. Kama unadhani niliipa jina hilo kwa mapenzi, vuta kiti ukae.

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na mimi na hasira ni chanda na pete. Mume wangu atakuthibitishia hata usipomwuliza. Naandika kwa Python, lugha ya kompyuta ambayo uzuri wake ndio ubaya wake: haina maswali. Ukiiambia umri wa mgonjwa ni 30, inapokea. Ukiiambia umri wa mgonjwa ni "jirani yake shangazi", inapokea vilevile, inakwenda nayo kimyakimya, na siku watu wanapoitegemea ndipo inaanguka chali. Kwa hiyo kuna wakaguzi. Mkaguzi ni programu inayosoma kazi yako kabla haijaanza kutumika na kukuambia: hapa ulisema utaweka namba, mbona umeweka maneno? Mama Mkwe ni kipande kinachopachikwa juu ya mkaguzi wa namna hiyo ili kumwongezea macho. Ni programu huria: yeyote anaichukua bure, anaisoma ndani nje, na akiona kasoro anairekebisha na kunirudishia.

Sasa, jina.

Miaka saba iliyopita, wiki ya pili tangu niolewe, mama mkwe wangu alikuja kututembelea. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha mashati. Miaka thelathini na moja alisimama mwisho wa mstari wa mafundi, na hakuna shati lililotoka bila kupita mikononi mwake. Nikamtandikia kitanda kwa foronya nilizozishona kwa mkono wangu mwenyewe. Akalala siku tatu, akashukuru, akaenda zake. Navua foronya nikafue, naona nini? Chaki. Msalaba mdogo wa chaki ya bluu, pembeni kabisa mwa upindo wangu.

Jamani! Mtu anakula kwangu, analala kwangu, halafu ananikagua kama shati la kiwandani! Kama una neno, si useme? Lakini hakusema, nami sikusema. Niliisugua ile foronya kama iliyonikosea ni yenyewe, kisha nikakaa kwenye kompyuta. Wiki haikwisha kabla sijaandika programu inayokosoa kila kitu, na kila inapokosoa inapiga mstari wa bluu na kuandika "Chaki!" Jina lilikuja lenyewe.

Kila alipokuja, chaki. Kwenye pindo la pazia la sebuleni. Kwenye kitambaa cha meza. Safari moja, kwenye mfuko wa aproni yangu, na mimi nimeivaa! Na kila alipoondoka niliiongezea programu kanuni mpya ya kukosoa. Nusu ya ukali wa Mama Mkwe uliandikwa siku moja baada ya ziara.

Watu wakaipenda, wakaichukua kwa maelfu. Walipouliza namna ya kuinyamazisha pale inapokosea, niliwapa maneno: weka alama ya reli, hii #, mwisho wa mstari, uandike "mama nyamaza". Basi mpaka leo kuna watu katika nchi nisizozijua, hawajui hata neno "maji" kwa lugha yetu, lakini kila siku wanaandika mama nyamaza, mama nyamaza. Nilikuwa nikicheka peke yangu jikoni mpaka mbavu sina.

Mwaka huu nikakoma kucheka.

Mama, yaani mama mkwe wangu, alipasuliwa goti. Daktari akasema wiki sita asipande ngazi. Kwake kuna ngazi, kwetu ni chini kabisa, kwa hiyo akaletwa kwetu na mkongojo wake na mkoba wake mweusi. Mume wangu ni fundi wa lifti. Saa kumi na mbili asubuhi ameshatoka kwenda kuokoa watu waliokwama ghorofa ya tisa. Mimi nafanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya kulia. Hesabu mwenyewe: mimi na mama mkwe wangu, wawili, kutwa nzima, wiki sita.

Siku ya kwanza tulisalimiana. Siku ya pili tulisalimiana tena. Siku ya tatu mkongojo wake ukaanguka, tukainama wote wawili kwa pamoja kuuokota, tukagongana vichwa, ko! Nikasema hapa kumeharibika. Kumbe yule mama alianza kucheka. Alicheka akishika paji la uso, akashika meza, akashika bega langu. Miaka saba sikuwahi kumsikia akicheka namna ile.

Kuanzia hapo akawa anasogeza kiti chake karibu na meza yangu. Akawa ananisimulia mumewe alivyopeleka posa kwao akiwa amevaa shati alilolikagua yeye mwenyewe, tena alilolikataa. Akawa ananifukuza kwenye kompyuta: "Inuka unyooshe mgongo, hukuzaliwa na hicho kiti." Safari hii hata chaki sikuiona. Nitasema wazi, sioni haya: wiki ya pili ilipokwisha nilikuwa nampenda. Nilikuwa nawahi kuamka ili nimkute macho tupige gumzo.

Na hapo ndipo hofu iliponiingia. Ndani ya kompyuta ile ile aliyokuwa akiisogelea na kiti chake, kulikuwa na jina lake, chaki yake, na dunia nzima inamwambia anyamaze. Amani yetu ilikuwa na wiki mbili. Akijua, haifiki ya tatu.

Ningeweza kuiacha programu ifie mbali. Lakini kulikuwa na ahadi. Wakati huo Mama Mkwe alikuwa amewachosha watu. Programu nyingi huazima vipande kutoka kwa watu wengine, na vipande vingi havisemi ndani yake mna namba au maneno. Mama Mkwe akikuta kitu asichokijua, alikuwa na jibu moja tu: Chaki! Kosa! Watu wakaanza kumkimbia. Mwenzangu katika kazi hii ni mtu ninayemjua kwa sauti tu, hatujawahi kuonana uso kwa uso; anajiita Profesa kwa sababu, anavyosema mwenyewe, hajawahi kumaliza kozi yoyote aliyoianza. Tuna sharti letu: hakuna toleo linalotoka mpaka watu wawili waseme ndiyo. Profesa akaniandikia: "Dada, nimefungua kazi ya watu fulani nikakuta mama nyamaza mia tisa. Hawasomi tena anachosema. Wanamnyamazisha hata anapokuwa na haki." Tukawatangazia watu kwamba toleo la pili litatoka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, tena lenye adabu. Adabu yenyewe tutaitoa wapi, tulikuwa hatujui.

"Kazi imekukalia kooni leo," Mama aliniambia, siku moja asubuhi, nikiwa nimejishika kichwa.

"Nina mkaguzi, Mama. Mkaguzi wa programu. Amewachosha watu."

"Mkaguzi!" Alikaa sawasawa kwenye kiti. "Kumbe kazi yako ni kama yangu, na umekaa kimya wiki zote hizi? Haya, niambie. Akikuta kitu asichokijua, anafanyaje?"

"Anakikataa."

"Lo! Basi mafundi wanamzunguka."

Nikamtazama. "Umejuaje?"

"Nimejuaje! Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na makapu mawili, zuri na bovu. Kola nisiyoijua, kapu la bovu. Mshono nisioujua, kapu la bovu. Nikajiona mkali kwelikweli. Kumbe kulikuwa na kidirisha nyuma, karibu na choo. Mafundi wanapitishia mashati pale, moja kwa moja kwa wapiga pasi. Hata yale yenye kasoro ya kweli yanapita humo humo. Siku nilipokigundua kile kidirisha nililia, mwanangu. Kesho yake nikaleta kapu la tatu."

"La nini?"

"La nisilolijua. Silikatai, silipitishi. Namwuliza fundi: hapa umefanyaje? Akinieleza, nimejifunza, na sitamwuliza tena. Kuuliza si ujinga."

Nilimkumbatia palepale na kalamu yangu mkononi, nikamchora wino shingoni. Kisha nikakaa kitako nikaandika. Wiki mbili niliandika kapu la tatu. Mama Mkwe mpya akikuta asichokijua, hasemi kosa. Anauliza, kwa mstari wa njano: hapa umekusudia nini? Nawe badala ya kumnyamazisha unamjibu, mwisho wa mstari uleule: "mama, ni namba". Akishajibiwa anakumbuka, haulizi tena. Profesa aliposoma alinipigia simu akicheka. "Nani kakufundisha hii?" Nikasema ni mzee mmoja wa kiwandani. Sikuthubutu kusema zaidi.

"Profesa, tubadilishe na jina," nikamwambia. "Tumwite Mkaguzi tu."

"Umerogwa? Wiki moja kabla? Ukibadilisha jina, kazi za watu wote zitavunjika siku moja. Na mama nyamaza zote hizo utazifuta wewe?"

Alikuwa na haki, na mtu mwenye haki anaudhi. Nikapiga moyo konde. Jumamosi saa kumi Mama huwa amelala kidogo baada ya chakula. Nitafunga mlango wa chumbani, nitatoa toleo langu kwa sauti ya chini, nitafunga kompyuta, tutakunywa chai. Hakuna atakayejua.

Jumamosi ikafika. Saa tisa na nusu nilikwenda uani kuanua nguo, roho juujuu. Niliporudi na kapu la nguo kiunoni, nilisikia sauti sebuleni. Sauti ya Mama, polepole, sauti ya mtu anayesoma kwa miwani.

"Mama... Mkwe. Toleo... la pili."

Mume wangu, Mungu ampe maisha marefu nipate muda wa kumgombeza, alikuwa amechukua waya akaiunganisha kompyuta yangu na televisheni. "Nimekuandalia," akaniambia, meno yote nje. "Mama aone kazi ya mkwe wake kwa herufi kubwa!"

Kubwa kweli. Jina limejaa ukuta mzima. Chini yake mfano niliouandaa kwa ajili ya tangazo: mstari wa kumi na nne, umepigwa bluu, "Chaki! Hapa panatakiwa namba." Chini yake swali la njano, na chini tena mstari wa zamani, mwishoni umeandikwa, kwa herufi ambazo hata jirani angezisoma dirishani: mama nyamaza.

Kwenye spika ya kompyuta Profesa akaanza, mwenye furaha zake: "Dada, niko tayari! Majaribio yote yamepita, mia sita na kumi na mawili..."

"Subiri, Profesa."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Hakuniangalia. "Mkwe," akasema, "huyo Mama Mkwe ni mimi?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, kwamba ni jina tu, ni utani wa watu wa kompyuta. Lakini nilimwona alivyoushika mkongojo wake kwa mikono miwili, na uongo ukanishinda.

"Ni wewe, Mama."

Basi yakafunguka. Nilisema yote, nimesimama na kapu langu la nguo kama mwuzaji aliyekosa wateja. Nilisema ile foronya, nikasema pazia, nikasema kitambaa cha meza na mfuko wa aproni. Nilisema huku nalia na huku nimekasirika, maana mimi siwezi kufanya moja bila jingine. "Miaka saba, Mama! Kila ukija unaniwekea chaki. Kama upindo wangu ulikuwa mbaya, si ungeniambia? Nilikuwa bi harusi wa wiki mbili, nimekushonea usiku na mchana, nataka unipende, unanitia alama ya kasoro!"

Mume wangu alikuwa anatazama waya mkononi mwake, kana kwamba ungemwambia la kufanya.

"Chaki ya rangi gani?" Mama akauliza.

"Bluu! Si ile pale!" Nikaonyesha televisheni.

"Nyekundu hukuiona hata mara moja?"

"Nyekundu ya nini? Bluu, Mama, bluu tupu."

Akamgeukia mwanawe polepole, kama anavyogeuka mtu mwenye goti jipya. "Wewe. Hukumwambia?"

"Kumwambia nini?"

"Maana ya bluu!"

"Nilidhani anajua," mume wangu akasema. "Si kila mtu anajua? Daftari langu la shule lilikuwa na bluu kila ukurasa. Nikiiona nakuja nakueleza, basi."

Mama alifumba macho kidogo. Kisha akapiga kiti cha pembeni yake kwa kiganja, nikae. Nikakaa, na kapu langu mapajani.

"Sikiliza, mwanangu. Kiwandani mashine mia mbili zinanguruma kwa pamoja. Ukipiga kelele, aliye ubavuni mwako hakusikii. Miaka thelathini na moja tulizungumza kwa chaki. Nyekundu ni kasoro. Bluu ni la kapu la tatu. Bluu ni kusema: fundi, sijaelewa ulivyofanya hapa, njoo unieleze. Na wakati wa mapumziko fundi anakuja, anakaa, anakueleza." Akanigeukia. "Ile foronya yako, niliigeuza nje, nikaigeuza ndani, nikaipeleka dirishani. Sikuona uzi. Nimekagua mashati maisha yangu yote, na sijawahi kuona upindo usioonyesha uzi. Nikaweka bluu. Nikasema, ataniambia. Hukuniambia. Nikaja tena nikaona pazia ni vilevile, nikauliza tena. Miaka saba nakuuliza, mwanangu. Hujanijibu hata mara moja. Nikasema basi, labda ni siri ya kwao, hataki kunifundisha. Ndiyo maana safari hii sikuiweka. Nilichoka kuuliza."

Miaka saba nilikuwa nikisugua maswali ya watu kwa sabuni.

"Lakini Mama," nikasema, "mdomo unao. Kwa nini hukuniuliza kwa mdomo?"

"Nikuulize wewe?" Akacheka kidogo, machozi yakimlengalenga. "Hujioni unavyokunja uso ukiwa mbele ya hiyo kompyuta? Msomi, umenuna, hupepesi hata kope. Nilikuogopa."

Aliniogopa! Mimi niliyekuwa nikitetemeka kumtilia chai! Hapo nikacheka, nikalia, nikacheka tena, nikamwangukia begani na kapu la nguo likamwagika lote sakafuni. Naye ananipigapiga mgongoni na kusema "haya, haya, yamekwisha," na yeye mwenyewe hayajamwisha, gauni limelowa.

Tulipotulia tukageuka wote wawili, kama tulioambiana, tukamtazama mume wangu.

"Na jina la programu?" nikamwuliza. "Ulilijua miaka saba. Ulidhani nini?"

"Nilidhani umempa heshima," akasema.

Fundi wa lifti mzima!

"Samahani," ikasema kompyuta. Tulikuwa tumemsahau Profesa. "Bado nipo hewani. Nimesikia... kidogo." Akakohoa.

"Mbona unakohoa hivyo?"

"Vumbi tu, dada. Huku kuna vumbi. Sasa, tunatoa au hatutoi? Imebaki dakika tano, na watu wanaanza kuuliza."

Kabla sijajibu, Mama alikwishainuka. Alikwenda hadi kwenye televisheni, tiki, tiki, na mkongojo wake, akaweka kidole juu ya mstari wa kumi na nne. "Hapa ni kosa?"

"Ni kosa, Mama. Panatakiwa namba, mtu kaweka maneno."

"Basi kwa nini ni bluu? Kosa ni nyekundu. Na hii ya njano ndiyo swali? Njano imetoka wapi? Swali ni bluu." Alinigeukia, mkaguzi kamili, miaka thelathini na moja imesimama mbele yangu. "Mkwe, toleo hili siwezi kulipitisha."

Nikaitazama ile bluu, na hapo likanipata sawasawa. Nilikuwa nimeandika mkaguzi ambaye kila asichokielewa anakiita kosa, nikampa jina la mwanamke ambaye kila asichokielewa aliuliza. Yule mkaguzi hakuwa yeye hata chembe. Alikuwa mimi.

"Profesa," nikasema, "waandikie watu wasubiri saa moja. Mkaguzi mkuu amekataa."

"Sababu?"

"Rangi."

Hakubisha hata kidogo. Nikakaa kwenye kompyuta, Mama kiti cha ubavuni, mume wangu akaamriwa aokote nguo na kuchemsha chai. Kosa likawa jekundu. Swali likawa bluu. Neno "Chaki!" nikalihamishia kwenye swali peke yake, na kosa nikaliita kosa. Nilipoendesha majaribio, arobaini na moja yakaanguka kwa mpigo, maana yote yalikuwa yamefundishwa kwamba bluu ni kosa. Mama aliruka kwenye kiti. "Tumeharibu?"

"Hapana, Mama. Yanalalamika kwa sababu yanakumbuka ya zamani. Tunayafundisha upya."

"Hata mimi ningekuwa hivyo," akasema.

Nikayarekebisha moja moja, naye anasoma kila mstari unapogeuka kijani: limepita, limepita, hili nalo limepita. Lilipobaki moja akanigusa mkono.

"Na hili 'mama nyamaza', nani kalileta?"

Uso ukaniwaka moto. "Mimi. Kuna watu wameliandika mara mia tisa kwenye kazi moja. Nitaliondoa, Mama, leo hii."

Nikaona mdomo unamcheza. "Liache," akasema. "Kuna siku hata mimi nahitaji kuambiwa." Kisha akapasuka kwa kicheko, akalishika goti. "Mia tisa! Sehemu moja mia tisa! Uwii, goti langu!"

Saa kumi na moja na dakika kumi majaribio yote mia sita na kumi na mawili yalikuwa yamepita. "Mimi nasema ndiyo," akasema Profesa. "Nami nasema ndiyo," nikasema. Sharti letu lilikuwa limetimia, lakini hakuna aliyegusa kitu.

"Mama?" Profesa akauliza, kwa sauti ya heshima kabisa. "Nawe unasemaje?"

Mama alisoma tena televisheni kutoka juu mpaka chini, bila haraka, kidole kikifuata kila mstari. "Jina liwe lilelile?" nikamwuliza. "Ukitaka, tutalibadilisha. Hata ikituchukua mwaka."

"Mbona ulibadilishe? Sasa si amekuwa mimi kweli?" Akasogeza kompyuta. "Nabonyeza wapi?"

Nikamwonyesha kitufe cha Enter. Alikibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anajaribu kifungo cha shati kama kimeshonwa imara. Kwenye televisheni mstari ukaanza kujaa, robo, nusu, ukasitasita tukashika pumzi, ukamalizika. Limetoka. Mume wangu alipiga vigelegele, yeye, mwanamume, na birika mkononi. Profesa naye huko aliko alipiga meza mpaka spika ikakwaruza.

Barua zikaanza kuingia. Ya kwanza ilitoka kwa mtu nisiyemjua: nimefuta mama nyamaza zangu zote, nimemjibu maswali yake yote, sasa ameniambia makosa mawili ya kweli ambayo sikuyaona mwaka mzima, ahsanteni. Nilimsomea Mama. Alitikisa kichwa akasema, "Kile kidirisha cha choo kimezibwa."

Nyingine sikuzisoma siku ile. Nilikwenda kwenye kapu la nguo nikachagua humo, nikaitoa foronya, ileile ya miaka saba, imepauka lakini upindo wake mzima. Nikachukua sindano na uzi na kipande cha kitambaa, nikakaa kwenye mkeka miguuni pake.

"Angalia, Mama. Ni mshono wa bibi yangu, mzaa mama. Unakunja mara mbili. Sindano inapita ndani ya mkunjo, na ukitokea upande wa mbele unachota uzi mmoja tu wa kitambaa. Mmoja. Halafu unarudi kujificha ndani."

"Uzi mmoja!" Alishika kichwa. "Uzi mmoja tu! Nami naupeleka dirishani!"

Akataka kujaribu. Nikamtungia sindano, akashona urefu wa kiganja, ulimi nje, mume wangu amekatazwa kupumua karibu. Alipomaliza akaufungua ule mkoba wake mweusi, akapekua chini kabisa, akatoa vipande viwili vya chaki vilivyofungwa kwenye leso, cha bluu na chekundu. Akaniwekea vyote viwili mkononi.

"Haya. Kagua."

Niliupeleka upindo wake dirishani. Uzi ulikuwa unaonekana mahali patatu, wazi kabisa, na mahali pamoja alikuwa ameruka. Nikageuka. Alikuwa ananitazama kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Nisiseme uongo, Mama?"

"Ukisema uongo nitakujua."

Nikachukua chekundu, nikamwekea misalaba minne. Akaisogeza nguo karibu na miwani, akaitazama misalaba yake mmoja mmoja, na uso wote ukamchanua.

"Ahsante, mwanangu," akasema. Akafumua wote, akaanza upya.